Uzoefu wangu na wakili wa kesi za uzembe wa kitabibu: nyota 4 kati ya 5

Nyota nyingi hapa ni za jambo moja: wakili aliomba jalada la hospitali kabla ya kuzungumzia fidia. Anayekuhakikishia ushindi kwenye kikao cha kwanza, hajaona hata karatasi moja ya matibabu, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jalada liombwe lote. Ukienda kaunta ukasema "naomba faili langu", unaweza kupewa ule muhtasari wa kuruhusiwa tu, karatasi moja au mbili zilizoandikwa mambo yakiwa yamekwisha. Barua aliyoiandaa wakili ilitaja kila kitu kwa jina: maelezo ya madaktari ya kila siku, kumbukumbu za wauguzi, chati ya joto na presha, chati ya dawa, majibu ya maabara, ripoti ya upasuaji, karatasi ya nusu kaputi, fomu ya ridhaa, barua za rufaa. Kwa kesi ya uzazi huongezwa partografu (chati ya maendeleo ya uchungu wa kujifungua) na mkanda wa mapigo ya moyo wa mtoto. Picha za eksirei, CT na MRI ziombwe zenyewe, si ripoti zake peke yake, maana daktari atakayetoa maoni kwa upande wako atataka kuzisoma kwa macho yake. Jalada likiwa la kompyuta, ulizia pia kumbukumbu za mabadiliko: nani alifungua, nani alihariri, saa ngapi. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Na haya yote yafanyike kabla hujaenda kugombana na mtu wodini.

Kazi ya nyumbani ni mtiririko wa matukio katika safu nne: tarehe na saa, kilichotokea, aliyekuwepo, karatasi inayothibitisha. Saa ziachwe kama zilivyo hospitalini, kwa mfumo wa saa 24. Ukiandika "saa 2 usiku", wewe unamaanisha 20:00, mwingine atasoma 02:00, na hapo umeshapoteza saa sita kwenye kesi ambayo pengine inasimama juu ya hizo hizo saa sita. Lawama usiziandike kwenye safu hizo. Ukikumbuka jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote, liandike, ila weka alama kwamba ni la kumbukumbu yako.

Faida ya kuwa na mtu anayejua kusoma jalada inaonekana kwenye chati ya dawa. Chukulia antibaotiki imeagizwa 20:00, na sahihi ya muuguzi kwenye kisanduku cha dozi ya kwanza ni 05:00. Ndugu wa mgonjwa akiona hizo saa tisa anasema kesi imekwisha. Wakili mzuri anauliza: ingetolewa 20:00, matokeo yangekuwa tofauti? Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya miaka ya 1960: walinzi watatu walifika hospitali wakitapika baada ya kunywa chai, daktari wa zamu hakuwaona, wakaambiwa warudi nyumbani. Mmoja akafa kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilikubali kwamba daktari alizembea, lakini mjane hakupata fidia, kwa kuwa hata angetibiwa, dawa isingewahi kumwokoa. Madai mengi hufia hapo, kwenye uhusiano kati ya kosa na madhara, wakati watu wamemaliza nguvu zao kuthibitisha kosa.

Ndiyo maana pesa ya maoni ya mtaalamu ni ya kulipa bila kinyongo. Awe wa fani ile ile: upasuaji wa mifupa usomwe na daktari wa mifupa. Maoni yawe ya maandishi na yajibu mawili, kama huduma ilishuka chini ya kiwango kinachokubalika, na kama kushuka huko ndiko kulikoleta madhara. La pili likijibiwa "sijui", bora ujue sasa kuliko ukiwa kizimbani. Fomu ya ridhaa isikutishe sana. Kukubali hatari za upasuaji si kukubali uzembe.

Muda nao haungoji. Kila nchi ina ukomo wake, mara nyingine unahesabiwa tangu siku ya tukio, mara nyingine tangu siku ulipojua au ulipaswa kujua. Hospitali za umma huweza kuhitaji notisi mapema zaidi. Malalamiko kwenye baraza la madaktari kwa kawaida hayasimamishi saa hiyo, na kazi ya baraza ni nidhamu, si fidia.

Nyota ya tano imekwama kwenye mkataba wa malipo. Ulisema "asilimia 30 ya fidia" bila kusema ni kabla au baada ya kutoa gharama. Fidia ikiwa 100 na gharama 20, asilimia 30 ya fidia nzima inakuachia 50. Ikikatwa baada ya gharama inakuachia 56. Pia haukusema nani anabeba gharama za upande wa pili mkishindwa. Yote mawili yaliandikwa baada ya kuulizwa, yaani asiyeuliza angesaini hivyo hivyo. Na kuna nchi ambazo malipo ya asilimia hayaruhusiwi kabisa, kwa hiyo uliza hilo kwanza.

Hospitali ikitaka kumaliza nje ya mahakama, tafuta kwenye hati maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini kabla daktari hajasema kama utahitaji upasuaji mwingine, huo mwingine utaulipia mwenyewe.