EV3 ya zamani ikiongezewa Python: bado inafaa darasani?

Habari zenu ndugu watazamaji, na walimu wangu shikamooni. Leo hapa mezani Dodoma nina briki ya EV3, yaani kompyuta ndogo inayoendesha roboti za kujenga za LEGO Mindstorms, ile yenye skrini ndogo na vitufe katikati. Najua wapo watakaouliza kwa nini nachambua kitu cha mwaka 2013, wakati LEGO wenyewe walitangaza mwaka 2022 kwamba wanasitisha Mindstorms. Nachambua kwa sababu ndicho kilichopo. Ukipita kwenye vilabu vya sayansi vya sekondari unazikuta briki hizi kabatini, nyingine zimekuja kwa msaada, nyingine za mtumba. Halafu unamkuta mwanafunzi wa kidato cha tatu bado anaburuta bloku za rangi, vile vipande vya kwenye skrini vya kupangia maagizo ya roboti, amezizoea mpaka zimemchosha, na mwalimu anafikiri ili wasonge mbele lazima inunuliwe roboti mpya. Hapana, mwalimu. Kabla hujaandika barua ya kuomba fedha, nitazame mpaka mwisho.

Vipimo kwanza, nitavipitia haraka. Prosesa ni ARM9 ya megahezi 300, RAM megabaiti 64, hifadhi ya ndani megabaiti 16. Ina matundu manne ya mota, A mpaka D, na manne ya sensa, 1 mpaka 4. Kwa leo hizo namba ni ndogo sana. Ila kuna mambo mawili yaliyoipa umri mrefu: toka kiwandani inaendesha Linux, mfumo endeshi ulio wazi kwa yeyote kuuboresha, na hapa ubavuni, naomba kamera isogee kidogo, ina tundu la kadi ya microSD.

Tundu hili ndilo bidhaa yenyewe ninayoichambua leo. Ukiwasha briki bila kadi, inawaka na programu ya LEGO kama kawaida, bloku zako zote zipo. Ukiweka kadi iliyoandaliwa, inawaka kutoka kwenye kadi, na sasa inaelewa lugha nyingine ya programu, ya kuandika kwa maneno, kama Python. Ukitoa kadi, unarudi kwenye bloku. Hakuna kilichofutwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kidhibiti cha wanafunzi: lugha mpya iongezwe bila kuwanyang'anya wadogo ile wanayoanzia. Klabu moja ina kidato cha kwanza na cha nne kwenye chumba kimoja. Asubuhi briki inafundisha bloku, mchana inafundisha Python, na hakuna aliyemharibia mwenzake.

Njia za kuiongezea lugha ziko kadhaa. Kuna ev3dev, ambayo ni Debian, aina mojawapo ya Linux, iliyopunguzwa ikaenea humu. Hiyo inakubali Python, C, C++, Go, JavaScript na nyingine. Kuna leJOS, ya Java. Na kuna ile LEGO Education, kitengo cha elimu cha LEGO, waliyoitoa mwaka 2019, MicroPython ya EV3, yaani Python ndogo, iliyojengwa juu ya ev3dev kwa kutumia Pybricks, mradi wa Python kwa roboti za LEGO. Zote zinakaa kwenye kadi.

Orodha hiyo inavutia, lakini mdogo wangu, usihesabu lugha. Kidhibiti kinaweza kukubali lugha kumi na usiweze kufundisha hata moja. Mimi nauliza maswali matatu. Je, lugha hiyo ina maktaba nzuri, yaani maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ya mota na sensa? Je, kosa likitokea mtoto anaona liko mstari gani? Je, inasakinishwa na kutumika pasipo intaneti? Hilo la tatu watengenezaji wengi hawalifikirii kabisa, na huku kwetu ndilo linaloua vilabu, kwa sababu bando ni la mwalimu kutoka mfukoni mwake.

Java ya leJOS ni nzuri kwa mwanafunzi wa chuo, sema yule wa UDOM anayesoma Java darasani na anataka kuona vitu vyake vinatembea sakafuni. Kwa sekondari, maandalizi yake ni marefu mno. C inakimbia vizuri kuliko zote, lakini kodi yake, yaani maagizo uliyoandika, lazima igeuzwe kwanza kuwa lugha ya mashine, na kuigeuza ndani ya briki yenyewe ni kusubiri sana, kwa hiyo utaigeuzia kwenye kompyuta, na hapo umeongeza hatua ya kumkatisha tamaa anayeanza. Python kamili ya ev3dev inafanya kazi, ila kwa RAM ya megabaiti 64 inachelewa kuanza. Unabonyeza, unasubiri sekunde nyingi ndipo roboti itikisike. Darasa la watoto arobaini haliwezi kusubiri hivyo kila jaribio. MicroPython inaanza haraka zaidi, maana imetengenezwa kwa mashine ndogo tangu mwanzo. Kwa hiyo hiyo ndiyo chaguo langu, na ndiyo iliyomo kwenye kadi hii.

Tuiwashe. Tazameni taa ya vitufe, inapepesa rangi ya chungwa. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, tafadhali msiizime mkidhani imekwama. Ikitulia kijani, iko tayari. Upande wa kompyuta unahitaji VS Code, programu ya kuandikia kodi, na kiongezi chake cha EV3. Ukishavisakinisha, intaneti huihitaji tena, waya wa USB unatosha. Na ukishahamishia programu ndani ya briki, unaichagua kwenye skrini yake na kuiendesha bila kompyuta. Kwa shule yenye laptop mbili na vikundi sita, hilo ni jambo kubwa: kikundi kinahamisha kodi yao, wanampisha mwingine, wanaendelea na majaribio sakafuni.

Sasa tusome kodi pamoja. Mstari huu unasema mota_kushoto iko tundu B. Huu unasema mota_kulia iko tundu C. Majina hayo ni ya Kiswahili na Python haina tatizo nayo. Unaofuata unaunda roboti, unaipa kipenyo cha gurudumu, milimita 55.5, na umbali kati ya magurudumu mawili, milimita 104. Wa mwisho unaiambia iende mbele milimita 300. Naendesha. Imeenda. Tupime kwa rula, mnaona, iko palepale.

Mwalimu wa hisabati, hapa ndipo pako. Zidisha 55.5 kwa pai, mzingo wa gurudumu unakuja kama milimita 174. Gawanya 300 kwa 174, gurudumu limezunguka mara moja na robo tatu hivi. Kwa nyuzi ni kama 619, na mota hii inahesabu nyuzi mojamoja. Kwenye bloku mwanafunzi huwa anabahatisha, anaweka 500, anaongeza, anapunguza, mpaka roboti ifike. Kwenye Python mwambie aandike hesabu hiyo mwenyewe iwe kazi yenye jina, nenda_mbele, kisha aitumie kila mahali. Mzingo wa duara alioukariri kwa ajili ya mtihani, leo unasogeza kitu anachokiona. Mimi napenda jambo hili kuliko mbwembwe nyingine zote za roboti.

Kuna jingine wengi hawalijui. Briki hii inaweza kuongea, na kwenye orodha ya lugha za sauti yake, Kiswahili kimo. Unaweka alama sw kwenye mipangilio ya sauti, unaipa sentensi. Sikilizeni. Sauti ni ya mashine kabisa, lafudhi haijanyooka, lakini mtoto aliyeandika roboti isome umbali wa kizuizi anaisikia ikitamka kwa lugha ya nyumbani kwao.

Kufuata mstari nako kuna somo. Sensa ya rangi inamulika taa yake na kupima mwanga unaorudi, kutoka 0 mpaka 100. Tuseme karatasi nyeupe inatoa 60 na mkanda mweusi unatoa 8. Katikati ni 34. Roboti inasoma, inapunguza 34 kwenye namba iliyosoma, tofauti inayobaki inaizidisha kwa namba ndogo, na hiyo ndiyo inayoamua ikate kona kiasi gani. Mistari mitano tu ya kodi, na roboti inateleza pembeni mwa mkanda bila kuyumba ovyo. Lakini kwa vumbi letu la Dodoma, hasa miezi ya upepo, kioo cha sensa kinachafuka na zile namba zinashuka. Ya jana siyo ya leo. Kwa hiyo programu ianze kwa kupima nyeupe na nyeusi upya kila siku, na kitambaa kikavu kikae ndani ya boksi.

Niseme na yasiyonifurahisha. Kadi lazima iwe microSDHC, kati ya GB 4 na 32. Madukani siku hizi utasukumiwa 64 au 128 ukiambiwa kubwa ndiyo bora. Kwa kazi hii kataa, hiyo siyo kadi yake. Pili, usichomoe kadi briki ikiwa inawaka, na usiache betri iishe katikati ya kazi, maana kadi inaweza kuharibika. Betri sita za AA za bei rahisi zinakufa upesi sana mota zikikaza, tafuta za kuchaji. Tatu, makosa. Ukiendesha kupitia waya, kosa linatokea kwenye kompyuta na namba ya mstari wake. Ukiendesha kwenye briki peke yake huoni maelezo hayo, kwa hiyo wafundisheni wajaribu na waya kwanza kila mara. Na ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza. Kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili juzi, mwalimu itabidi ubandike ukutani maelezo ya makosa yale ya kila siku: nafasi za mwanzo wa mstari, jina lililokosewa, nukta mbili zilizosahaulika.

Kuhusu kununua: kama shule haina kitu, sikushauri utafute EV3 leo, vipuri vitakusumbua na maboresho kutoka LEGO hayatarajiwi. Kama zipo kabatini, nunua kadi tu. Na kama unapewa ya mtumba, kabla ya kutoa hela washa, ingiza kadi uone inasomeka, jaribu matundu yote manne ya mota, na tikisa nyaya zake, maana ndizo huanza kuleta shida.

Faili la kadi lina mamia ya megabaiti, na VS Code na kiongezi chake vinaongeza uzito. Mwalimu wa Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa ukija mjini, njoo na flashi, nitakuwekea vyote bila malipo, pamoja na ile karatasi ya makosa ya kubandika ukutani.