Seti ya geji ya presha ya oili: inafaa kwa injini iliyotoka ovaholi, ila usomaji wake wa sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) usiuamini sana

Maduka ya spea ya Kariakoo, Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam huuza seti ya kupimia presha ya oili iliyo kwenye kikasha cha plastiki: geji moja ya 0 hadi 140 psi (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha), mpira mrefu, na viunganishi vya shaba vya tredi tofauti tofauti. Ukiulizia "geji ya oili" tu unaweza kupewa ile ya kufunga kwenye dashibodi, kwa hiyo sema unataka ya kupimia.

Kwa gereji inayofunga injini, hiki ni kifaa cha lazima. Taa nyekundu ya dashibodi haipimi chochote. Swichi yake hukata umeme wa taa presha ikifika takriban 3 hadi 7 psi tu. Injini inaweza kuwa na presha ya kuzima taa lakini isiyotosha kulinda metali za konrodi (beringi za mkono wa pistoni) gari likipanda mlima wa Kimara na abiria wamejaa.

Geji hufungwa kwenye tundu la swichi ya oili, kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua kikasha uangalie kiunganishi cha Toyota na Nissan. Swichi nyingi za magari hayo ni 1/8 BSPT (tredi ya Kiingereza), yenye meno 28 kwa inchi. Seti nyingi huja na 1/8 NPT (tredi ya Kimarekani), ambayo ina meno 27. Kwa macho zinafanana, na ukifunga inaingia mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha inagoma. Fundi akilazimisha na spana, tredi zinaliwa. Na kama pale ni aluminiamu, panaweza kupasuka. Nenda na swichi ya zamani dukani, uisimamishe ubavuni mwa kiunganishi na ulinganishe meno kwenye mwanga. Kama BSPT haimo, nunua peke yake.

Upungufu mkubwa uko kwenye geji yenyewe. Geji za bei ya chini mara nyingi ni za daraja la 2.5, maana yake zinaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chote. Kwa geji ya 140 psi hiyo ni 3.5 psi, popote sindano ilipo. Sasa chukua injini ya Toyota ya 4A au 5A: injini ikiwa ya moto, kiwango cha chini kwenye sailensa ni 0.3 kg/cm², yaani kama 4.3 psi. Kosa la geji linakaribia kipimo chenyewe! Sindano ikisoma 5, presha halisi inaweza kuwa 2 au 8. Lakini kwenye mizunguko 3000 kwa dakika kiwango ni 2.5 hadi 5.0 kg/cm², takriban 36 hadi 71 psi, na hapo kosa la 3.5 halikupotoshi. Kwa hiyo hukumu injini kwa usomaji wa 3000. Ukitaka uhakika wa sailensa, tafuta geji ya pili ya 0 hadi 4 bar na kipunguzi chake. Hiyo uifunge injini ikishapata moto, na usikanyage mafuta ikiwa imefungwa, maana itapita kiwango chake.

Injini iliyotoka ovaholi haiwashwi kwanza ndipo ipimwe. Jaza oili, jaza na filta kama inasimama wima, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), funga geji, kisha piga stata sekunde 10 na uipumzishe. Bila plagi injini huzunguka kwa wepesi na metali hazibebi mzigo. Sindano ikipanda, rudisha plagi uwashe. Ikibaki sifuri baada ya kupiga mara kadhaa, usiwashe. Mara nyingi pampu imefungwa kavu ikashindwa kuvuta, na dawa yake ni kuipaka vasilini ndani kabla ya kuifunga, grisi hapana. Vinginevyo gasketi au oringi ya bomba la stena (chujio ambalo pampu huvutia oili) inavuta hewa, au kizibo cha njia ya oili kimesahaulika mashine shopu.

Tahadhari moja: ukichomoa waya wa swichi, taa ya oili huzimika yenyewe. Asidanganyike mtu kwamba presha imekuja.

Injini ikiwa baridi geji husoma juu na kila mtu hufurahi. Usomaji huo haufai. Feni ya rejeta kuwaka mara moja ni dalili ya maji kupata moto, oili huchelewa. Subiri dakika 15 hadi 20 ndipo usome. Kama ilikuwa 60 baridi ikashuka hadi 15 kwenye mizunguko 3000, tazama metali. Nafasi kati ya metali ya konrodi na kreki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenye 4A ni 0.02 hadi 0.05 mm, mwisho 0.08. Nafasi ikiongezeka maradufu, oili inayovujia pembeni huongezeka takriban mara nane, kwa hiyo pampu mpya haitaokoa kreki iliyochongwa vibaya. Kumwaga oili nzito ya 20W-50 ili sindano ipande ni kumficha mwenye gari ugonjwa, na hatukubaliani nako kabisa.

Sindano ikiwa juu mno hata oili ikiwa ya moto, chunguza vavu ya kupunguza presha iliyoganda, au silikoni iliyominywa kwa wingi ikaingia kwenye njia za oili.

Mpira wa seti hii ni mgumu na hupenda kujikunja kuelekea eksozi. Ufunge kwa waya mbali na eksozi na mkanda wa feni. Ukipasuka, oili inarushwa kwenye chuma cha moto na gari linaweza kuwaka. Ukimaliza, futa tredi, paka silanti kidogo kwenye swichi ukiacha meno mawili ya mbele, ikaze kwa kiasi, rudisha waya, kisha washa uone kama panavuja.