Vifaa vilivyonisaidia kuifufua Honda CG125 ya marehemu baba

Marehemu baba alikuwa bwana samaki Ukerewe, na pikipiki yake ya kazi, aliyoinunua ilipopigwa mnada, ilikuwa Honda CG125. Baada ya msiba ilikaa miaka tisa chini ya turubai kule Nansio, kabla sijaivusha kwa kivuko na kuileta kwangu Bwiru, hapa Mwanza. Sikutaka kuipeleka gereji, kwa sababu nilitaka kila nati ipite mikononi mwangu. Kazi ilinichukua miezi saba, na katika vifaa vyote nilivyonunua ni vichache tu ambavyo, bila hivyo, ningeshindwa.

Nilianza vibaya. Katika duka moja la katikati ya mji nilinunua seti kubwa ya soketi kwa shilingi 45,000, nikivutiwa na wingi wake. Siku ya pili soketi moja ilipasuka nilipokuwa nafungua nati ya ekseli ya nyuma, na ile ya namba 10 ikaanza kuzunguka juu ya kichwa cha bolti na kukiviringa. Soketi zile zilikuwa za pembe 12, ambazo hushika bolti karibu na kona tu, ilhali soketi ya pembe 6 huegemea ubavu wa kichwa na haitelezi kirahisi. Baadaye nilinunua moja moja, za pembe 6, kwa namba ninazozitumia kila siku: 8, 10, 12, 14 na 17, pamoja na soketi ndefu ya namba 18 ya kufungulia plagi. Hizo chache zimenifaa kuliko sanduku zima.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni bisibisi ya kugonga, ambayo mafundi huiita impakti. Kava la upande wa magneti, lile gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme, lilifungwa kwa skrubu za msalaba, na miaka yote ile skrubu za chuma zilikuwa zimeshikana na alumini ya injini kana kwamba zimechomelewa. Bisibisi ya kawaida ya nyota ilipanda na kutoka kila nilipokaza mkono, ikiacha unga wa chuma unaong'aa ndani ya msalaba. Sababu yake niliielewa baadaye. Skrubu za pikipiki za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha Kijapani, na nyingi huwa na nukta ndogo kando ya msalaba. Bisibisi za nyota tunazouziwa madukani kwa kawaida zina ncha ndefu kidogo, ambayo hugonga chini kabla mabawa yake hayajajaa pembeni. Impakti huondoa tatizo hilo kwa namna ya pekee: unapoipiga nyundo kwenye kisigino, pigo lilelile linalogeuzwa ndani yake kuwa mzunguko ndilo pia linaloisukuma ncha ndani ya skrubu, hivyo haipati nafasi ya kupanda. Nililoweka skrubu zote kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, asubuhi nikahakikisha impakti imewekwa upande wa kufungua, nikaishika wima na kupiga kwa nyundo ya kilo moja. Skrubu ya kwanza ilitoa mlio mkavu, "tak", na nilipoitazama ilikuwa imesogea robo mzunguko. Nane zilitoka nzima, na ya tisa ilibidi nitoboe kichwa chake kwa drili, kwa kuwa nilikwisha kuiharibu kwa bisibisi.

Kifuatacho ni pula ya magneti, yaani kifaa cha kuing'oa magneti kwenye shafti ya injini. Nunua ile ya CG125 yenyewe, kwa sababu uzi wake lazima ulingane na uzi wa magneti, na uiingize mpaka mwisho kabla hujakaza bolti ya katikati. Nimeona magneti zikigongwa kwa nyundo na patasi chini ya miembe, na inaniuma, kwani sumaku hupasuka na shafti ya injini hupinda kwa kazi ambayo pula huimaliza kwa dakika mbili.

Fila geji ni vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo, vinavyouzwa kwa bei ndogo, na ndicho kifaa kilichobadilisha sauti ya injini. Nafasi ya tapeti, yaani upenyo kati ya tapeti na valvu inayofunguliwa nayo, kwenye CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Unazungusha magneti mpaka mstari wenye herufi T ulingane na alama ya kwenye kava, uhakikishe tapeti zote mbili zinacheza, kisha unapitisha kipande cha 0.08 na kurekebisha mpaka ukisikie kikikwaruza kidogo unapokivuta. Wengi hurekebisha kwa sikio, nami nilifanya hivyo miaka mingi, lakini sikio halisikii tapeti iliyokazwa mno, na hiyo ndiyo inayounguza valvu, kwa kuwa haifungi sawasawa.

Kuhusu spana ya kupima nguvu ya kukaza, usinunue ya magurudumu ya gari inayoanzia Newton-mita 40. Bolti za milimita 6 za kava huhitaji takribani 10 tu, kwa hiyo chagua ya 5 hadi 25, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini ili springi isichoke.

Unyevu wa ziwa wakati wa masika hula vifaa haraka, hasa soketi zilizochubuka rangi. Vyangu navipangusa kwa kitambaa chenye oili na kuvifungia kwenye sanduku la mbao. Ni impakti pekee isiyolala humo mara nyingi. Vijana wa bodaboda wa mtaani, ambao pikipiki zao nyingi za Kichina zina injini ya mfano wa hii ya CG, hufika jioni wakisema, "Shikamoo mzee, tunaomba ile ya kugonga," nami huwapa pamoja na nyundo yake, kwa sharti kwamba skrubu isiguswe kwanza na bisibisi.