Vijiti vya Cuisenaire: mwaka mmoja wa hesabu za sehemu mezani kwetu

Binti yangu yuko darasa la tano. Siku moja aliandika 1/2 + 1/3 = 2/5, akapiga mstari chini ya jibu na kufunga daftari. Nikamuuliza kati ya nusu na mbili ya tano ipi kubwa. Akawaza kidogo, akasema nusu. Basi inakuwaje, nikamuuliza, uwe na nusu, uongezewe kitu, halafu ubaki na pungufu ya nusu? Akanijibu bila wasiwasi: "Mama, lakini hesabu ndivyo inavyotoka."

Jibu hilo ndilo lililonitoa hela mfukoni. Kukosea si neno. Kilichonitisha ni kwamba kwake 1/2 haikuwa na ukubwa wowote. Zilikuwa namba mbili na kamstari katikati.

Kwanza nilinunua miduara ya plastiki iliyokatwa vipande, kila kipande kimepigwa chapa: 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea. Sitaitaja iliyotengenezwa na nani. Theluthi tatu zikipangwa zilibakiza ufa ambao kucha inapita, na mtoto akauliza, kwa haki kabisa, kama theluthi tatu hazifiki moja. Lakini hata kama zingekatwa sawasawa, tatizo lingebaki kwenye zile chapa. Alikuwa anasoma kilichoandikwa badala ya kutazama kipande. Ukimwambia atafute vinavyolingana na nusu, anatafuta karatasi yake ya darasani kwenye kumbukumbu, anaokota robo mbili, kazi imekwisha. Macho hayakufanya kitu.

Ndipo nikaenda kwenye vijiti. Ni vya mbao, aina kumi, kuanzia cheupe chenye urefu wa sentimita 1 hadi cha rangi ya chungwa chenye sentimita 10, na havijaandikwa kitu. Alivibuni mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire, akachapisha kitabu chake juu yake mwaka 1952. Caleb Gattegno, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyevitembeza katika nchi nyingine. Rangi hazikupangwa ovyo. Cha 2 ni chekundu, cha 4 zambarau, cha 8 kahawia: ukoo mmoja. Cha 3, cha 6 na cha 9 ni kijani mpauko, kijani kilichokoza na bluu. Njano na chungwa ni 5 na 10. Cheusi, ambacho ni 7, hakina ndugu. Binti yangu aliugundua ukoo huo kabla yangu. Mimi nilidhani ni mapambo tu.

Wiki mbili za mwanzo sikufundisha chochote. Alijenga ngazi na uzio. Mdogo wake wa darasa la kwanza alifaidika haraka kuliko nilivyotarajia: alipanga kila njia ya kujaza kijiti cha chungwa kwa vijiti viwili, na tangu hapo 7 na 3, au 6 na 4, havimsumbui tena kwa vidole. Hilo peke yake lingetosha kwa familia yenye watoto wadogo. Ila mimi nilikuwa na ugomvi na sehemu.

Tulirudi kwenye 1/2 + 1/3. Nikampa kijiti cha kijani kilichokoza, nikamwambia hiki leo ndicho moja. Nusu yake? Akajaribu, akapata kijani mpauko. Theluthi yake? Chekundu. Akaviunganisha, akaviweka kando ya kile kizima: vimepungua kwa cheupe kimoja. Vyeupe vinaingia sita, kwa hiyo hapa pana tano kati ya sita. Alikaa kimya. Kisha, bila kuambiwa, akachukua kijiti cha njano akakilaza juu kuhakikisha kinalingana. Sikutamka KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Nilitamka wiki moja baadaye, tulipokuwa tunatafuta kijiti kizima kinachokubali robo na theluthi kwa pamoja. Cha 6 kikakataa robo, cha 8 kikakataa theluthi, mwisho akaunga cha chungwa na chekundu kupata 12. Nikamwambia huko kutafuta kote ndiko shuleni wanaita kigawe kidogo cha shirika. "Kumbe ni hicho tu?" Alikuwa ameikariri kanuni yake muhula mzima.

Sifa kubwa ya vijiti hivi, kwa maoni yangu, ni kwamba "moja" inahama. Kwenye miduara, moja ni duara lile lile siku zote, na mtoto anaishia kuamini kuwa robo ni umbo fulani la pembe. Hapa chekundu ni nusu ya zambarau, ni theluthi ya kijani kilichokoza, ni robo ya kahawia, na ni humusi ya chungwa. Ukimwonyesha kijiti na kuuliza "hii ni ngapi?" atajifunza kukurudishia swali: ya nini? Hilo swali la "ya nini" ndilo nililokuwa nalitafuta.

Nichomekee jambo moja la lugha, maana lilituchelewesha. Majina yetu ya sehemu ni matamu lakini yanaficha namba. Anayesema sehemu moja ya nane anaisikia nane. Anayesema thumuni haisikii, mpaka awe ameshaijua. Theluthi walau imekaa karibu na thelathini, na hapo ndipo inapomchanganya zaidi. Sisi tulianza na "moja ya tatu, moja ya sita, moja ya nane", tukayaacha theluthi, sudusi na thumuni hadi mkono ulipozoea.

Kugawanya ndiko kulikotutoa jasho, na mimi mwenyewe nilikamatwa. Swali: katika moja, mbili ya tatu zinaingia mara ngapi? Moja ni kijani kilichokoza, mbili ya tatu ni zambarau. Zambarau ikaingia mara moja, ikabaki nafasi ya chekundu. Binti akasema jibu ni moja na theluthi. Mimi nilikuwa nimeshageuza sehemu na kuzidisha kichwani: 3/2, yaani moja na nusu. Akanionyesha kijiti: "Si hiki chekundu? Si theluthi?" Na kweli, chekundu ni theluthi ya kile cha kijani. Nilikaa nakitazama kama mgeni aliyepotea njia. Kanuni nilikuwa nayo tangu utoto, maelezo sikuwa nayo. Ilinichukua muda kuona kwamba swali linahesabu zambarau, kwa hiyo kilichobaki lazima kipimwe kwa zambarau, na chekundu ni nusu ya zambarau. Ile "ya nini" ikaturudia. Tulirudia hesabu za aina hiyo jioni tatu mfululizo, na sasa yeye ndiye ananisahihisha.

Kasoro zipo. Seti niliyonunua ina vijiti 74, na mgawanyo wake unabana: vyeupe ni 22 lakini njano ni vinne na vyeusi vinne. Ukitaka kuonyesha 1/5 + 1/7, unahitaji urefu wa 35, yaani njano saba au vyeusi vitano. Huna. Na hata ungekuwa navyo, meza inageuka reli. Kwa asili, yaani namba ya chini ya sehemu, iliyo kubwa namna hiyo achana na vijiti. Vyeupe ni vidogo mno; kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, vifungie, vinaingia kooni bila shida. Vyetu vinne vimeshapotea. Mtoto asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani atalazimika kutegemea urefu peke yake, jambo linalowezekana ila linachelewesha. Desimali zinakwenda vizuri ukiita chungwa moja na cheupe 0.1, ila ukifika sehemu ya mia umekwama.

Kasoro nyingine ni yetu zaidi kuliko ya vijiti: baada ya miezi miwili binti hakuweza kufanya hesabu bila kisanduku. Mtihani hauna kisanduku. Nikaanza kumlazimisha achore mstatili mrefu kwenye karatasi ya miraba na kuugawa, vijiti vikiwa vimefunikwa, vifunuliwe mwisho kuhakikisha. Mwanasaikolojia Jerome Bruner aliwahi kueleza kwamba watu hulishika wazo kwa vitendo, kwa picha, kisha kwa alama. Singapore nayo ilijenga ufundishaji wake wa hesabu kwa mpango wa namna hiyo kuanzia miaka ya 1980. Mimi nilikuwa nimeruka picha. Kwenye mtihani wake wa mwisho kulikuwa na vijistatili vilivyochorwa kwa penseli pembeni mwa maswali matano, na kimoja kilikuwa kimefutwa na kuchorwa upya kwa mgawanyo wa 12.

Ukinunua, chukua visivyoandikwa namba. Na kabla ya kulipa fungua kisanduku, panga vyeupe kumi kando ya cha chungwa kimoja, pitisha kucha mwishoni. Ikikwama, rudisha.