Ubao wa matokeo wa Wrigley Field, na mbao nyingine nilizozisoma

Mara ya kwanza kwenda Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa timu ya Cubs, Chicago, tiketi nilikata mimi, na nilikata vibaya. Nilichagua majukwaa ya wazi ya nyuma, katikati kabisa, kwa sababu kwenye picha zote ndiko ule ubao wa kijani unakoonekana. Kumbe ukikaa pale, ubao uko kisogoni. Kila nilipotaka kujua mchezo umefikia wapi ilibidi nigeuke na kuinua shingo, na nikirudisha macho uwanjani nakuta watu wamesimama wanashangilia kitu ambacho sikukiona. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: kama umeufuata ubao, kaa upande wa mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, ghorofa ya juu. Mara ya pili tiketi alikata shangazi yangu, na huko ndiko tulikokaa.

Shangazi ameishi Chicago miaka mingi, na haendi uwanjani bila daftari na penseli. Mimi wakati huo nilikuwa sijui straiki ni nini wala boli ni nini. Nilihangaika kufuata kila mrusho kwa macho mpaka akanigusa goti. "Baba, mpira utakupita tu," akaniambia. "Soma ubao. Ubao unakungoja."

Na kweli uliningoja. Ubao huu ulijengwa 1937, chini ya usimamizi wa Bill Veeck, aliyekuwa kijana wa miaka 23. Una upana wa karibu mita 23 na kimo cha zaidi ya mita 8, na juu yake kuna saa iliyowekwa 1941. Katikati unaonyesha namba ya mpigaji, boli, straiki na auti. Boli nne, yaani mirusho mibaya ambayo mpigaji hakuijaribu, anatembea bure hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kuzunguka uwanja. Straiki tatu, yaani mirusho aliyoikosa au aliyoiacha ikiwa mizuri, anarudi kukaa. Auti tatu, yaani wachezaji watatu wametolewa, timu zinapokezana. Hayo matatu niliyashika kwa kuona namba zikipanda na kufutika, kabla hata shangazi hajanieleza. Kisha kuna mistari ya mechi yenyewe, raundi moja hadi tisa, timu juu na timu chini, kila raundi na kisanduku chake cha alama.

Hivyo visanduku ndivyo vilivyonifanya niandike haya. Ndani ya ubao kuna watu, waliopanda kwa ngazi, nao hubadilisha vibao vya namba kwa mikono. Raundi ikiisha, tazama mahali pake. Kwanza kisanduku ni tundu jeusi. Halafu kitu kinasogea ndani ya giza, pengine unaona vidole, kibao kinapachikwa, na sifuri nyeupe inakaa mahali pake. Inachukua sekunde mbili tatu, na katika sekunde hizo uwanja mzima unajua jibu lakini ubao bado haujalitamka. Shangazi haandiki kwenye daftari lake mpaka kibao kikae. Nilimuuliza kwa nini, na yeye mwenyewe ameona mchezo kwa macho yake. Akasema anapenda waandike pamoja, yeye na yule wa mle ndani.

Kushoto na kulia kwa mechi ya siku hiyo kuna mechi za miji mingine, na hapo ndipo ubao huu unapozishinda skrini zote ninazozijua. Mchana ule nilimfuatilia mrushaji ambaye sikumwona kabisa, yuko mji wa mbali. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Halafu tundu jeusi likakaa muda mrefu kuliko kawaida, nikajua huko mambo yameharibika, na kibao kilipotokea kilikuwa 5. Muda mfupi baadaye namba ya mrushaji pembeni nayo ikabadilika. Wamemtoa. Hakuna aliyenisimulia, lakini nilihisi kama nimekuwepo.

Kasoro ipo, na shangazi inamuudhi kweli. Nafasi zilizopo ni za mechi 12. Ligi sasa ina timu 30, kwa hiyo siku timu zote zikicheza kuna mechi 15, na tatu zinakosa mahali. Nafasi ya kuongeza haipo, na kuubomoa ubao hakuna anayekubali. Mwaka 2015 waliongeza skrini kubwa uwanjani, ambazo zinaziba pengo hilo, na nakiri zimewekwa kwa heshima: ubao wa zamani umebaki peke yake katikati.

Mpira uliopigwa katika mechi haujawahi kuufikia ubao huo hata mara moja. Aliyeugonga ni mcheza gofu Sam Snead, mwaka 1951, naye alitumia mpira wa gofu.

Fenway Park, uwanja wa timu ya Red Sox ya Boston, nilikwenda peke yangu, mwaka uliofuata. Pale ubao umo ndani ya ukuta wenyewe wa kushoto, ule mrefu wa mita 11 wanaouita Green Monster. Ubao uliwekwa hapo kwa mara ya kwanza 1934, nao ni wa mikono mpaka leo. Vibao vya alama na vya mipira iliyopigwa vizuri vina uzito wa karibu kilo moja na nusu kila kimoja, na taa za kijani huhesabu boli, nyekundu huhesabu straiki na auti. Ligi imegawanyika pande mbili: namba za mechi za American League hubadilishwa kutoka ndani, lakini za National League sharti mtu atoke na ngazi kati ya raundi na raundi, abadilishe kwa mbele, akimbie kurudi kabla mchezo haujaendelea. Nilimshangilia kila alipotoka. Wachezaji wengi wameandika majina yao kwenye kuta za chumba kile cha ndani, na 2005 Manny Ramirez, mchezaji wa Red Sox, aliingia humo mchezo ukiwa umesimama, nusura achelewe kutoka.

Lakini nenda karibu kadiri watakavyokuruhusu, utazame mistari myeupe ya wima inayogawa ubao. Kuna nukta na vistari vimepakwa rangi humo. Kistari kimoja peke yake, ndiyo T. Nukta na kistari, A. Kistari, nukta, vistari viwili, Y. Ni herufi za mwanzo za majina ya Tom Yawkey, aliyekuwa mmiliki wa timu, kwa Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari ya simu za zamani, na mstari mwingine una za mkewe Jean. Nilisimama pale na karatasi ya Morse niliyochapisha nyumbani, nikisoma herufi moja moja kwa kidole, na nilipofika mwisho nilifurahi sana. Angalizo la viti: vile vilivyowekwa juu ya ukuta 2003 vinasifiwa mno, lakini ukikaa huko ubao uko chini ya miguu yako na huuoni. Kaa upande wa besi ya kwanza.

Sasa hizi za kisasa. Sitaki kuzidharau, maana hazikuanza jana. Veeck yuleyule wa 1937, alipokuwa na timu ya upande wa kusini wa Chicago mwaka 1960, aliweka Comiskey Park ubao uliolipuka fataki kila timu yake ilipopiga homurani, pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote. Wachezaji wa Yankees, timu ya New York, walimjibu kwa kuwasha vijiti vya cheche benchini. Miaka mitano baadaye Astrodome ya Houston ikaja na ubao wa taa wenye urefu wa mita 144, fahali wanapumua moshi na bendera pembeni mwa pembe zao, risasi zinaruka huku na huku. Ningetoa chochote kuuona ule. Uliondolewa 1988 ili viti viongezwe kwa ajili ya mpira wa Kimarekani.

Skrini ya Citi Field, New York, iliyozinduliwa 2023, ina zaidi ya mita za mraba 1,600. Nilipoiona nilinyamaza. Mshono wa mpira unaonekana. Waamuzi wakienda kupitia picha upya, na wewe unaiona picha ileile, na unaamua moyoni kabla yao. Shangazi, ambaye macho yake si ya zamani, alisoma jina la mpigaji bila kuuliza, na hilo kwangu lina thamani kubwa.

Ila kuna uwanja mmoja mpya, sitautaja, ambako tulikuwa raundi ya nane, besi zote zimejaa, auti mbili. Nikainua macho nijue hesabu. Skrini nzima ilikuwa inaonyesha watu wakicheza muziki majukwaani, halafu tangazo la gari. Hesabu ilikuwa kwenye kona ya chini, ndogo kama maandishi ya mwisho wa mkataba, na kabla sijaipata mrushaji ameshatupa. Shangazi alishusha penseli. Ubao mkubwa vile, wenye nafasi ya kila kitu, na dakika hiyo ulikuwa hauna mchezo ndani yake! Nimeuandikia uongozi. Naomba kitu kimoja tu: mistari ya raundi tisa isiondoke kamwe kwenye skrini, hata kwa sekunde.

Bado sijafika uwanja wa Koshien, Japani, na ndiko ninakoweka akiba kwenda. Hadi miaka ya 1980 majina ya wachezaji pale yaliandikwa kwa brashi, na ubao wa umeme wa sasa unaonyesha herufi zilizochorwa kufuata mkono wa wale mafundi. Mwaka 1933, nusu fainali ya mashindano ya shule, kati ya Chukyo na Akashi, ilikwenda raundi 25 na kuisha 1 kwa 0. Ubao ulikuwa na nafasi za raundi 16. Zilipokwisha, wakapigilia vibao vya sifuri kwa misumari pembeni, kimoja baada ya kingine.

Wrigley naipa nyota tano, Fenway nne na nusu kwa sababu ya vile viti. Ukienda Wrigley usiondoke auti ya mwisho ikishapatikana. Subiri bendera. Cubs wakishinda, juu ya ubao hupandishwa nyeupe yenye W ya buluu. Wakishindwa, ya buluu yenye L nyeupe. Siku yetu ilikuwa L. Shangazi alikuwa anajumlisha safu yake ya mwisho, midomo ikihesabu kimya, wakati treni ilipopita nyuma ya majengo. Nilitazama madirisha. Karibu behewa zima lilikuwa limegeuza vichwa upande wetu.