Chujio la maji ya kisima kwa sisi wa Arusha: lipi ununue

Mwanangu wa kwanza ameota meno ya ukubwani yenye michirizi ya kahawia, na miaka yote hiyo tulikuwa na chujio ndani. Ndilo linaloniuma. Nililinunua mjini, lile la ndoo mbili za chuma lenye kauri katikati, muuzaji akaniapia kwamba linatoa kila kitu. Baadaye nilipeleka maji ya kisima chetu maabara, yaliyochujwa na yasiyochujwa: floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno kahawia, miligramu 6.2 kwa lita, kote kote. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Kwa hiyo ukifika dukani, achana kwanza na ukubwa wa ndoo. Uliza kama linatoa floraidi, na linachoka baada ya lita ngapi. Hili la pili wengi hawaliulizi, na ndiko tunakoumizwa. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Dawa ya ndani, yaani ile inayonasa floraidi, ikishashiba, maji bado yanatoka meupe pee na madini yamo yote. Sisi tuko 6, tunamaliza lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika. Chujio la lita 2,000 kwetu ni siku 100. Tarehe ya kubadilisha nimeiandika kwa maka peni ubavuni mwa ndoo.

Ya kwanza kwangu ni Nanofilter, na naipendelea waziwazi. Ni kazi ya Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa Karatu, aliyeshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Hutumia mchanga pamoja na nanomateriali, yaani chembe ndogo mno zinazonasa uchafu, na hupangwa kufuata tatizo la maji yako. Nenda na majibu ya maabara mkononi.

Ya pili, mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Floraidi inaitoa vizuri, ila maji mengi yanaishia kwenye bomba la taka, na kiangazi kisima kinapopungua utalia.

Ya tatu, mkaa wa mifupa ya wanyama iliyochomwa, ambao kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi huku kwetu Arusha, kimeufanyia utafiti miaka mingi. Unafanya kazi, nao hushiba. Anayetaka kujua ni mifupa ya mnyama gani aambiwe, ni haki yake.

Kauri na kuchemsha ni kwa vijidudu tu. Ukichemsha, maji yanapungua, floraidi inabaki.

Na wauzaji! Mashine wanakupa kwa bei ya kuvutia, ukirudi kutafuta dawa ya ndani unaambiwa imeisha, nunua mashine nyingine. Nimeambiwa hivyo mara mbili, na risiti ninayo. Siku hizi sitoi hela kabla sijaiona dawa ya akiba ipo rafuni na bei yake.

Magadi ya makande nayo nimeyaacha, yana floraidi. Mdogo wake huyo mwanangu wa kwanza ana miaka 3, meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Yeye anakunywa maji ya mvua tuliyokinga, na yakiisha, ya Nanofilter.