Kanuni nne za michezo ya mahandaki ya kizamani: ipi ununue, ipi upakue bure

Ukiuliza leo uanze na kitabu gani cha mchezo wa kuigiza wahusika kwa mtindo wa kizamani, ule wa mezani ambao mwendesha mchezo husimulia handaki na wachezaji huamua wahusika wao wafanye nini, utatajiwa majina kumi kabla hujamaliza swali. Mengi ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao, Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D), ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1981 Tom Moldvay na David Cook waliisuka upya katika vijitabu viwili vya kurasa 64 kila kimoja, na michezo mingi inayojiita ya kizamani imezaliwa humo au kwenye maandishi ya 1974. Tunaopima hapa ni wanne: Old-School Essentials ya Gavin Norman (2019), Basic Fantasy ya Chris Gonnerman (2007, toleo la nne 2023), Swords & Wizardry ya Matt Finch (2008) na Shadowdark ya Kelsey Dionne (2023). Dungeon Crawl Classics tumeiacha nje kwa sababu moja tu: inadai dadu za pande 5, 7, 14, 16, 24 na 30, na asiye na hizo ataanza kwa kero.

Mabishano mengi huhusu namba ya ulinzi, ile inayoonyesha ugumu wa kumpata mtu kwa pigo: ishuke kadiri deraya inavyokuwa nzito, kama zamani, au ipande? Ni kelele za bure. Chukua mpiganaji wa ngazi ya kwanza, asiye na nyongeza yoyote ya nguvu, anayempiga goblini, zimwi dogo la mahandakini. Katika Old-School Essentials goblini ana ulinzi 6, au 13 ukihesabu kwa kupanda. Mpiganaji anahitaji 13 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Katika Basic Fantasy goblini ana ulinzi 14, lakini mpiganaji huanza na nyongeza ya 1, kwa hiyo anahitaji 13 ileile. Uwezekano ni asilimia 40 huku na huku. Hesabu ya kupanda ni rahisi kwa mgeni, na Old-School Essentials na Swords & Wizardry huandika namba zote mbili pamoja, kwa hiyo chagua moja siku ya kwanza mkaendelee.

Tofauti ya kweli imejificha kwenye orodha ya bei, mahali ambapo wengi hupita haraka. Katika Old-School Essentials na Basic Fantasy mhusika huanza na sarafu za dhahabu sawa na dadu 3 za pande 6 mara 10, yaani wastani wa 105. Katika Old-School Essentials deraya ya mabamba ni sarafu 60 na ngao ni 10. Mpiganaji wa kawaida anatoka dukani na ulinzi wa 17, na goblini anampata mara 4 katika mirusho 20. Katika Basic Fantasy deraya hiyohiyo ni sarafu 300. Hawezi. Atachukua ya minyororo kwa 60 na ngao kwa 7, ulinzi 16, na goblini sasa anampata mara 5 katika 20. Huo mrusho mmoja unaonekana mdogo, lakini mpiganaji wa ngazi ya kwanza ana wastani wa pointi 4 au 5 za uhai na goblini anatoa hadi 6 kwa pigo moja. Halafu kuna hili: Basic Fantasy inamwachia mpiganaji kitu cha kutamani. Akirudi na hazina ya kwanza anajua anaenda kununua nini. Katika ile nyingine kitu kizuri kuliko vyote dukani kimeshanunuliwa kabla mchezo haujaanza, na mwendesha mchezo makini hupandisha bei ya mabamba.

Jambo linaloamua mchezo utakavyochezwa ni pointi za uzoefu zinatoka wapi. Old-School Essentials inafuata ya 1981: kila sarafu ya dhahabu inayofika salama nje ya handaki ni pointi moja. Goblini aliyeuawa ni pointi 5. Kundi la watu wanne likiua goblini mmoja, kila mtu anapata pointi 1 na robo, na mpiganaji anahitaji 2,000 ili afike ngazi ya pili. Piga hesabu: goblini 1,600. Hakuna mwenye akili atakayepanda ngazi kwa upanga. Wachezaji huliona hilo wenyewe ndani ya kikao cha kwanza au cha pili, na mwenendo wao unabadilika. Wanaanza kuhonga, kudanganya, kuzunguka kwa mlango wa nyuma, kuiba usiku. Mchezo ulikusudiwa uwe hivyo.

Basic Fantasy, kwa kawaida yake, hutoa pointi kwa mazimwi. Goblini ni pointi 10, na hazina haihesabiwi isipokuwa mwendesha mchezo achukue kanuni ya hiari iliyoandikwa kwenye sehemu yake ya kitabu. Wengi hawaioni. Matokeo yake ni malalamiko mawili yanayosikika kila mara: wahusika hawapandi ngazi, na kila mlango unafunguliwa kwa teke. Yote mawili yana dawa moja. Washa kanuni ya hazina kabla ya kikao cha kwanza, uwaambie wachezaji wazi kwamba imewashwa.

Shadowdark imefupisha hesabu yote. Kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili ni pointi 10, ya pili kwenda ya tatu ni 20, na kuendelea hivyo. Hazina hafifu haina pointi, ya kawaida ni 1, ya ajabu ni 3, ya kutungiwa hadithi ni 10, na kila mhusika anapata kiasi hicho. Ni nyepesi, hata mtoto wa shule ya msingi ataifuata. Udhaifu wake ni kwamba kipimo kiko mikononi mwa mwendesha mchezo. Akitawanya vifuko vya fedha katika vyumba kumi na kuhesabu kila kimoja kuwa hazina ya kawaida, kundi zima limeshapanda. Kusanya vitu vidogo vya eneo moja uvihesabu kama hazina moja.

Na mwanga. Katika Old-School Essentials muda wa handaki hupimwa kwa zamu za dakika 10. Mwenge unawaka zamu 6, taa ya mafuta zamu 24 kwa chupa moja. Katika kila zamu 6 kundi linapumzika moja. Kila baada ya zamu 2 mwendesha mchezo hurusha dadu ya pande 6, na ikija 1, kuna kitu kinakuja. Kanuni hizi zinashikana. Ukiacha kuhesabu zamu, mienge haiishi. Mienge isipoisha, hakuna sababu ya kuharakisha. Pasipo haraka, wachezaji watagonga kila jiwe la ukuta kutafuta mlango wa siri. Chora visanduku sita kwenye karatasi, ukate kimoja kila zamu. Hiyo tu inatosha, na wanaosema kanuni hizi ni mzigo mara nyingi hawajachora hivyo visanduku.

Shadowdark inasema mwenge unawaka saa moja ya kweli, ya saa ya ukutani. Unaweka kengele kwenye simu, basi. Mezani inafanya kazi vizuri ajabu: watu wanaacha kubishana, wanaamua. Lakini ina mitego. Chakula kikifika, au mtu akipokea simu ya nyumbani, saa inaendelea kula mwenge, kwa hiyo kubalianeni mapema ni wakati gani inasimamishwa. Kikao cha saa tatu kinataka mienge mitatu na ya akiba, na kila mwenge unachukua nafasi moja ya mzigo. Nafasi ni sawa na namba ya nguvu ya mhusika au 10, ile iliyo kubwa. Mzigo wa namna hii mtu anaujua kwa kuangalia tu. Old-School Essentials, ukitaka hesabu kamili, inapima kwa uzito wa sarafu: hadi 400 unatembea futi 120 kwa zamu, hadi 600 futi 90, hadi 800 futi 60, hadi 1,600 futi 30. Ni sahihi, na inachosha. Deraya ya mabamba peke yake ni 500.

Mchawi ndiye anayeonyesha tabia ya kila kitabu. Katika Old-School Essentials ana dadu moja ya pande 4 ya uhai, maana mmoja kati ya wanne anaanza na pointi moja, na akifika sifuri amekufa. Ana tabano moja kwa siku. Likiwa la usingizi, unarusha dadu 2 za pande 8, na linalaza viumbe ambao dadu zao za uhai zikijumlishwa zinafikia namba hiyo, goblini tisa kwa wastani, bila kuwapa nafasi ya kujinusuru. Anaamua pambano moja, kisha siku nzima ni mbeba mwenge. Katika Shadowdark mchawi anajua matabano matatu na anarusha dadu kila anapotabana: tabano la daraja la kwanza linataka 11, kwa hiyo mwenye nyongeza ya akili ya 3 anafaulu mara 13 katika 20. Akishindwa, tabano hilo limempotea mpaka apumzike. Dadu ikitoa 1 kamili, linamgeukia. Anayeanguka naye hafi papo hapo: anarusha dadu ya pande 4 na kuongeza nyongeza ya ukakamavu wake, na hiyo ndiyo idadi ya raundi alizobakiwa nazo. Waliozoea michezo ya D&D ya kisasa huona hapa ndipo pa kukanyagia kwanza. Aliyekulia kwenye kanuni za 1981 ataona mkono umelegezwa. Wote wana hoja.

Swords & Wizardry inarudi nyuma zaidi, hadi maandishi ya 1974 na nyongeza zake. Sifa yake kubwa ni namba moja ya kujinusuru, yaani ile unayotakiwa kuifikia kwenye dadu ili uepuke madhara. Old-School Essentials na Basic Fantasy zina safu tano: sumu na kifo, fimbo, kupooza, pumzi ya joka, uchawi. Hapa mpiganaji wa ngazi ya kwanza anahitaji 14, mchawi 15, kwa kila kitu. Mpiganaji pia anapewa heshima yake: dhidi ya viumbe wa dadu moja ya uhai au chini, anapiga mara nyingi kama ngazi yake, na nyongeza ya nguvu katika kupiga ni yake peke yake. Anayependa askari wa kukata njia katikati ya goblini asitafute kwingine. Kinachowasumbua wageni ni mapengo. Kitabu kinakuachia uamuzi mahali pengi, na mara kadhaa kinakupa njia mbili au tatu bila kukuambia ipi. Mwendesha mchezo mzoefu hufurahi; mpya husimama katikati ya pambano akipekua kurasa.

Kwa kupekua, Old-School Essentials haina mpinzani. Kila mada imebanwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiyo ukichapisha faili steshenari, waombe wachapishe pande mbili na ukurasa wenye namba ya shufwa ukae kushoto. Ukichapisha upande mmoja na kubana kwa klipu, mpangilio wote uliolipia umevunjika. Ina kijitabu cha bure cha kuonjea, na Shadowdark pia inacho. Basic Fantasy yote ni bure, kitabu kizima na rundo la visa vilivyo tayari kuchezwa, na nakala ya karatasi huuzwa kwa bei ya kuchapisha tu. Mpangilio wake ni wa kawaida, si wa kujivunia.

Basic Fantasy ina faida nyingine isiyotajwa vya kutosha. Mapema 2023 Wizards of the Coast, wenye D&D, walitaka kubadili leseni ya wazi, ile ruhusa ya wengine kutumia kanuni zao, ambayo vitabu hivi vilisimama juu yake. Zogo likawa kubwa, nao wakarudi nyuma. Gonnerman hakungoja: toleo la nne liliondolewa kwenye leseni hiyo likawekwa chini ya Creative Commons, ile inayoruhusu kunakili, kubadili, kutafsiri na hata kuuza, mradi utaje chanzo na kazi yako uitoe kwa masharti hayohayo. Anayetaka kuandika kanuni kwa Kiswahili na kuzigawa shuleni hana haja ya kumwandikia mtu barua.

Dadu zisiwe kisingizio. Andika 1 hadi 20 ndani ya vizibo vya soda, viweke kwenye mfuko wa kitambaa, na una dadu ya pande 20. Rudisha kizibo kila baada ya kuvuta, la sivyo namba kubwa zikishatoka zimekwisha na mchezo umepinda. Kwa dadu ya pande 8, rusha dadu mbili za ludo: ya kwanza ikiwa shufwa unaongeza 4, ya pili unaisoma 1 hadi 4, ukirudia ikija 5 au 6. Swords & Wizardry ina tawi linaloitwa White Box, ambapo uhai na majeraha yote ni dadu ya pande 6; vizibo 20 na dadu za ludo vinamaliza kazi.

Visa vilivyoandikiwa kitabu kimoja vinahamia kingine kwa kazi ndogo. Ukipeleka zimwi Basic Fantasy, ongeza 1 kwenye ulinzi wake wa kupanda, maana asiye na deraya huko anaanzia 11, si 10. Ukipeleka Shadowdark, mazimwi hayasumbui sana; hazina ndiyo inayotaka kupangwa upya, chumba kwa chumba, kwa sababu handaki lenye sarafu 8,000 la zamani halikuambii ni vitu vingapi vyenye pointi 1 na vingapi vyenye 3.